Manga ya Komi ndiyo iliyonifundisha kusoma Kijapani

Nakereka sana nikisikia wageni wanaofika Japani wakiambiwa wasiguse kitabu mpaka wamalize kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina. Nami niliambiwa hivyohivyo. Kaka mmoja aliyenitangulia huku, mtu mwema kabisa, aliyenipokea na kunitafutia chumba, alinikalisha kitako: "Mdogo wangu, kanji za lazima ni 2,136. Zimalize kwanza, ndipo ushike kitabu. Na hizo katuni zao, hizo manga, achana nazo, zitakufundisha lugha ya kihuni." Sikubishana naye, maana ni mkubwa wangu na wema wake naujua. Lakini ushauri ule unamvunja mtu moyo bure. Mtoto wa Kijapani mwenyewe anafundishwa kanji 1,026 kwa miaka sita ya shule ya msingi, na miaka yote hiyo anasoma hadithi kama kawaida. Hakuna anayemwambia asubiri.

Mimi nilianza mara tu nilipozishika hiragana na katakana, zile herufi zao nyepesi za kuandika sauti. Nikachagua "Komi-san wa, Komyusho desu" ya Oda Tomohito, iliyotoka kwenye jarida la Shonen Sunday kuanzia 2016 hadi mwanzoni mwa 2025, juzuu 37. Ni vichekesho vya sekondari. Komi ni binti mrembo anayeheshimiwa na shule nzima, watu wanadhani anaringa, kumbe hofu imemshika koo na hawezi kutamka neno mbele ya mtu. Anayegundua ni Tadano, kijana wa kawaida kabisa aliyekaa kiti cha jirani. Darasa likiwa tupu, Komi anachukua chaki na kuandika ubaoni yale ambayo hajawahi kumwambia mtu, Tadano naye anajibu kwa chaki, mpaka ubao unajaa. Ndoto ya binti ni kupata marafiki 100. Tadano anakubali kuwa wa kwanza na kumsaidia kuwapata 99 waliobaki.

Ukitaka kujifunza, chukua hadithi ya namna hii, uachane kwanza na zile za mapanga na majini. Mapambano yatakupa majina ya silaha na mbinu ambazo hutazitumia hata sokoni. Kwa Komi nilikutana na dawati, mtihani, daftari, chakula cha mchana, siku ya michezo, tamasha la shule, mvua, homa. Ukurasa baada ya ukurasa maneno ni yaleyale, na sura zake nyingi ni fupi, unamaliza moja ukiwa kwenye treni.

Lakini siri kubwa ni furigana. Manga za vijana huandika hiragana ndogondogo ubavuni mwa kila kanji kuonyesha inavyotamkwa. Sisi tuliosoma madrasa hili halitutishi: ni kama irabu juu na chini ya herufi za Kiarabu, zinakuwezesha kusoma kwa sauti hata kabla hujajua maana. Kwenda kulia kuelekea kushoto nako tumeshazoea. Tena vokali zao ni tano, a, e, i, o, u, kama zetu. Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, na mama mwenye nyumba akaelewa kila neno.

Hapo ndipo nilipopata mbinu ninayojivunia. Wenzangu wengi wakikutana na kanji wasiyoijua wanaanza kuichora kwa kidole kwenye simu, wanakosea mpangilio wa mistari, simu inawaletea kanji nyingine, wanachoka. Mimi siichori. Nasoma zile hiragana ndogo, naziandika kwenye kamusi ya simu jinsi zinavyotamkwa, kamusi inaniletea orodha, kisha naangalia ni ipi inayofanana na iliyo kitabuni. Sekunde chache tu. Na kila nikifanya hivyo, sauti, sura na maana vinaingia kichwani kwa mkupuo mmoja. Sikuwahi kukariri maneno kwa kadi hata moja.

Ila sitafuti kila neno. Kwanza napitia sura nzima kwa picha tu, nijue nani kamkimbia nani. Kisha naisoma kwa sauti. Neno likinitokea mara ya tatu ndipo nalitafuta. Milio iliyochorwa nyuma ya picha naipita, itajieleza yenyewe. Jambo jingine lililonisaidia ni kwamba vitabu vya Shogakukan, wachapishaji wa Komi, huweka alama ya nukta mwisho wa sentensi ndani ya viputo vya maneno, na wachapishaji wengine wengi hawaweki. Kwa mwanafunzi hiyo ni rehema, unajua sentensi imekwisha wapi.

Kuhusu lugha ya kihuni: vitabu vya darasani vinakuanzisha na lugha ya adabu tupu, halafu unafika kazini, wakati wa mapumziko wenzako wanazungumza kama Najimi, yule rafiki wa kila mtu kwenye Komi, unabaki umekodoa macho. Mimi nilielewa. Kwa meneja natumia lugha ya adabu, kwa wenzangu naongea kama wao. Ni suala la kujua uko mbele ya nani, na hilo sisi tumelelewa nalo.

Vitabu nanunua vya mtumba, yeni mia na ushee hadi mia tatu hivi kutegemea juzuu, na kwenye maduka hayo mara nyingi havikufungwa nailoni, kwa hiyo unafungua na kuonja kwanza. Vipya ni mia tano na zaidi. Za mwisho nilinunua mpya, sikuweza kungoja.

Niliyempenda kuliko wote ni Katai, kijana wa miraba minne ambaye darasa zima linamwogopa kama jambazi, naye ana aibu kama Komi mwenyewe. Yeye na Tadano wanapoanza urafiki nilicheka hadi machozi, na nilikuwa nasoma bila kushika simu.

Sasa nimeingia kwenye manga za watu wazima, ambazo nyingi hazina furigana kwenye kila kanji. Kanji zinazonisumbua ni za ofisini na za hospitali. Za shule, za nyumbani na za mtaani nazisoma kwa kuziangalia tu.