Mama, jagi la umeme na meli ya Galveston

Kabla hata hatujaikanyaga meli mama akanyang'anywa jagi lake la umeme. Lile dogo la kuchemshia maji, alilinunua wiki ya pili tu tangu afike Houston, maana chai ya maikrowevu anasema sio chai hiyo ni maji yaliyotishwa. Begi likapita kwenye mashine, mlinzi akalivuta pembeni, akatoa jagi, akatoa na karatasi tusaini, vitu vya kuchemsha na pasi za nguo haviruhusiwi sababu ya moto, mtalichukua mkirudi. Mama akaniangalia. "Baba, huyu anaenda nalo wapi jagi langu?"

Ngoja nirudi nyuma. Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, ana miezi mitatu hapa, na sisi wote kazini, akawa anashinda anaangalia dirishani uwanja wa jirani. Wife akaona ofa ya meli ya utalii, siku tano, kutoka bandari ya Galveston hapa Texas mpaka Progreso na Cozumel kule Mexico, dola 329 kwa mtu. Tuko sita, mimi, wife, watoto watatu na mama. Nikasema bei hii hata kukaa hotelini hupati. Visa ya mama niliikagua mara tatu, ni ya kuingia mara nyingi, na Mexico wanamkubali mwenye visa hai ya Marekani, sisi wenye green card, kibali cha kuishi Marekani, tukabeba na pasipoti zetu za Tanzania. Ilikuwa wikiendi ya sikukuu ya Martin Luther King, mwezi wa kwanza, watoto wakose shule siku tatu tu.

Sasa hiyo 329 ni bei ya tangazo jamani. Unaongeza kodi na ada za bandari, karibu 140 kwa kichwa. Unaongeza tipu, bakshishi ya wafanyakazi, ambayo hawakuulizi, wanakata wenyewe, dola 16 kila mtu kila siku mpaka mtoto wa miaka minne, piga hesabu, 480 hiyo imeenda. Parking kule bandarini hela yake. Intaneti inauzwa kwa siku na kwa simu. Soda pia ni ya kulipia!! Cha bure ni maji, juisi ya asubuhi, kahawa na chai, na hiyo chai ni kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijipakiti, nitarudi kwenye hilo.

Kumbe Galveston mwezi wa kwanza ni msimu wa ukungu. Upepo wenye joto na unyevu unatoka Ghuba ya Mexico unakutana na maji baridi ya pwani, basi bandari yote inakuwa nyeupe na marubani wa bandari wanasimamisha meli. Meli yetu ilikuwa imekaa nje huko na abiria wa safari iliyopita ndani yake, haiwezi kuingia. Tulitakiwa kupanda saa tano asubuhi, ikaja meseji saa nane, ikaja nyingine saa kumi na moja jioni, tumekaa kwenye gari kando ya Seawall, ile barabara ya ufukweni, watoto wanakula chipsi na mama anahesabu tasbihi. Tumeondoka karibu saa sita usiku. Watu walijipanga kupiga picha za kuaga nchi kavu, hawakuona hata taa.

Vyumba tulichukua vya ndani, viwili, ndio vya bei hiyo. Havina dirisha. Ukizima taa hujui kama ni saa sita mchana au usiku, ni kama umewekwa kabatini. Mama akauliza kibla iko wapi na mimi nikabaki nimeduwaa, mpaka mtoto wa kwanza akagundua kuna chaneli ya TV inaonyesha ramani na meli inaelekea wapi. Tunaenda kusini, kwa hiyo kibla ni nyuma yetu upande wa kushoto. Siku zote zile mama alikuwa anaswali kwa TV hiyo, kila wakati ananiita, "Baba, njoo uangalie, imegeuka?"

Siku ya pili bahari ikachafuka. Upepo wa kaskazini, kule wanauita norte, unashuka kutoka Texas na unaipiga Ghuba yote. Wife alilala chini, watoto wawili wanatapika kwenye ndoo ya takataka, mimi najifanya mzima. Mama yeye kavaa khanga zake anakula mayai. Amevuka Tanga Pemba kwa jahazi akiwa na mimba yangu, anasema, hii mbona ina ngazi na lifti. Ila chakula kilimshinda. Bafe ni ndefu kweli, lakini nusu huijui imepikiwa nini, nguruwe yuko mpaka kwenye maharage, akaamua kuishi kwa mayai, samaki na mkate.

Hapo hapo kwenye bafe ndio akatokea kijana mmoja anayekusanya sahani, akasikia mama ananilalamikia, akasimama wima. "Shikamoo mama." Mama nusura aangushe kikombe. Kijana wa Mombasa! Mkataba wake ni wa miezi tisa, anafanya kazi siku saba za wiki, yuko mwezi wa sita na ana mtoto hajamwona tangu anatambaa. Kuanzia siku hiyo kila alfajiri alikuwa anamletea mama chupa ya maji yanayochemka kweli na vipande vya tangawizi alivyoviomba jikoni. Wife naye akapona kwa tangawizi ile ile.

Usiku nahodha akatangaza, bandari ya Progreso imefungwa kwa upepo, hatushuki. Tulikuwa tumelipia kwenda Chichén Itzá, magofu ya kale ya Wamaya, hiyo walirudisha, na ada za bandari pia, dola kumi na kitu kwa mtu, ila kama salio la kutumia humo humo melini. Siku nzima nyingine majini. Viti vya kwenye bwawa vimewekewa taulo tangu saa kumi na mbili asubuhi na wenyewe hawapo.

Cozumel tukashuka, masaa sita tu ya nchi kavu, bendera nyekundu ufukweni, hakuna kuogelea. Tukazunguka mitaa ya San Miguel, mji wa hapo. Sasa kuna mama mmoja anauza madafu na matunda kwenye vikombe, nanasi na tikiti, juu anakamulia ndimu anamwagia chumvi na pilipili ya unga. Mama akasimama. Akaonja. Akaanza kuongea na yule mama kwa Kiswahili, yule anajibu Kihispania, wanashikana mikono wanacheka, vikombe vinne akamaliza peke yake. Nikatamani meli ituache hapo.

Siku ya mwisho nikaona bili, nikachemka, nikasema nakwenda kaunta wafute zile tipu, inaruhusiwa, wengi wanafanya. Mama alikuwa anakunja khanga, hakuinua hata kichwa. "Na yule kijana wa tangawizi?" Nikakaa chini. Nililipa yote, na wife akamwekea kijana bahasha yake pembeni.

Galveston siku hiyo kulikuwa kweupe, jua kali, kama vile wanatucheka. Kwenye meza ya vitu vilivyozuiliwa kuna pasi za nguo kama arobaini na majagi, mama akalitambua la kwake kwa mbali, akalifungua kifuniko akachungulia ndani, akalibeba mkononi mpaka kwenye gari, akakataa lisiingie begini.

Jioni akampigia dada yake Tanga. Tunamsikia sebuleni, spika iko wazi, mama mkubwa anauliza haya tuambie, meli ilikuwaje?

"Kubwa," mama akasema. "Walinichukulia jagi."