Waya wa chaja na mawe yaliyohamishwa

Juzi chaja yangu ya simu ilikatika pale shingoni, nikachana waya kwa wembe nijaribu kuunga, ndani nikakuta vile vinyuzi vya shaba vyembamba kama nywele vinang'aa, basi kazi ya kuunga ikasimama nikabaki navichezea tu mkononi nawaza vimetoka wapi.

Maana watu wengi tunadhani mchimbaji anakuta bonge la shaba limelala ardhini linamsubiri. Wapi! Migodi mingi mikubwa siku hizi inachimba mawe ambayo shaba yake haifiki hata asilimia 1, yaani tani nzima ya mawe ulipue, ubebe na malori, usage mpaka yawe unga, utie kwenye maji yenye kemikali na mapovu ili chembe za madini zielee juu, uyeyushe, halafu usafishe kwa umeme, mwisho wa yote unapata chini ya kilo 10. Chile ndo wanaongoza duniani kwa shaba na ukiona picha za mashimo yao kutoka juu utaelewa ninachosema, lori kubwa kama nyumba linaonekana kama sisimizi.

Sasa kuna jamaa yangu mmoja, mtu msomi kabisa, huwa ananiambia tukihamia umeme wa jua na magari ya betri habari ya migodi itakuwa imeisha. Mi nakataa kabisa. Gari la umeme linakula shaba kama kilo 80 hivi, la petroli halifiki hata 30, na hapo hatujaigusa betri, ambayo inataka lithiamu na grafiti, na aina nyingine zinataka pia nikeli na kobalti, hiyo kobalti zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Hata ile mistari myembamba juu ya paneli ya sola ni madini ya fedha.

Ila kinachonigusa zaidi ya simu na magari ni chakula. Naitrojeni ya mbolea viwanda vinaivuta hewani, sawa, lakini fosforasi haiko hewani, lazima uchimbe mwamba wa fosfeti, na sehemu kubwa ya akiba ya dunia iko Moroko. Potashi, ile chumvi ya potasiamu inayotiwa kwenye mbolea, nayo inachimbwa. Mmea bila fosforasi hauweki mizizi ya maana, kwa hiyo mkulima ambaye hajawahi kuona mgodi maishani mwake anategemea mgodi kila akifungua mfuko wa mbolea.

Na sisemi haya kufunika maumivu. Januari 2019 kule Brumadinho, Brazil, bwawa la tope la mgodi lilipasuka likaua watu wapatao 270, wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe. Hasira ya watu naielewa, na naona iende kwenye mabwawa ya hovyo na wakaguzi wanaosaini bila kuangalia.

Chakavu nacho kinasaidia sana, alumini ukiiyeyusha upya unatumia kama asilimia 5 tu ya umeme na moto wa ile ya kuanzia kwenye mawe. Shida ni kwamba shaba nyingi bado iko kazini ndani ya kuta na nguzo, huwezi kuichomoa leo.

Ule waya sijautupa. Nimeuweka pamoja na chaja zangu nyingine mbili zilizokufa, nampelekea mtu wa chakavu.