Mbalamwezi ya Ramadhani

Ujiji, Alhamisi 13 Machi 2025

Redio imeshaadhini, lakini hiyo ni adhana ya Dar es Salaam. Wenzetu wameshafungua kwa tende, sisi bado tumekaa mkekani tunalitazama jua lililoning'inia juu ya milima ya Kongo. Kila Ramadhani ni hivi. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, ila jua lina saa yake, na huku magharibi linazama zaidi ya nusu saa baada ya Dar. Utotoni nililia nikidai tunaonewa. Leo nimelisubiri nikiwafikiria watu wa Bujumbura. Jua lao ni hili hili na tunafuturu pamoja nao, ila saa zao zinasema kumi na mbili wakati zetu zinasema moja.

Shangazi ndiye aliyeniuliza, akimenya magimbi: "Miezi yote hiyo, mwanangu, umeona nini?" Nikamwambia nimeona mengi. Si jibu. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Niliondoka mwaka jana Ziwa Tanganyika lilipofungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa ili samaki wazaliane, na mwalo wa Kibirizi ukanyamaza. Mimi kazi yangu ni dagaa, nanunua, naanika, nauza. Chanja zilikuwa tupu. Nilikuwa na akiba kidogo na pasipoti ambayo haijapigwa muhuri hata mmoja. Nikajiambia, ziwa hili nimelitazama upande mmoja maisha yangu yote, acha nikalitazame kutoka pande zake nyingine.

Nilianza na Burundi. Ukivuka mpaka wa Manyovu unashuka kuelekea ziwani, kisha barabara inafuata maji mpaka Bujumbura. Rumonge nilishuka kwa sababu ya harufu. Mawese! Michikichi kila upande, madumu yamepangwa kando ya njia, nikahisi niko Mwandiga ya kwetu Kigoma. Mama mmoja aliyekuwa akiuza akanisikia naongea, akanyanyuka. "Wewe wa Kigoma?" Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa. Alikuwa amekulia kambi ya Mtabila, Kasulu, mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Akaniuliza habari za soko la Kasulu kama mtu anayeulizia nduguye. Nilipanga kulala Rumonge usiku mmoja, nikakaa kwake wiki tatu. Aliniambia jambo ambalo sijaweza kulisahau: alipokuwa Kasulu aliitwa Mrundi, aliporudi Rumonge akaitwa wa Tanzania. Alilisema taratibu, huku akichuja mawese.

Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Sisi Ujiji tuna mnara wetu wa wao kukutana mwaka huo huo, nimepita mbele yake tangu nikiwa na sare za shule. Nilisimama pale nikawaza waliopiga kasia kuwafikisha huko. Safari kutoka hapa mpaka kule kwa mtumbwi si mchezo, na majina yao hayamo kwenye jiwe. Liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Uvuvi ulipofunguliwa nikala mukeke wa kuchoma Bujumbura. Wenyeji walinisifia weee, samaki wa kwao, hapatikani kwingine. Nikamfunua: mgebuka wetu wa Kigoma! Sikuwabishia. Alikuwa mtamu, na mtu akikukaribisha kwa fahari unakula kwa heshima.

Kalemie, ng'ambo ya Kongo, nilienda kwa boti ya mizigo kutoka Kigoma, usiku kucha juu ya magunia. Kiswahili cha kule kina ladha yake. Niliambiwa "mayi iko" nikajua naletewa mayai, kumbe maji. Niliwapenda watu wale, wanakusalimia mpaka unasahau ulichokifuata. Ila nilichokifuata kilikuwa mto Lukuga. Ruzizi inaingia ziwani, Malagarasi inaingia, na mingine mingi, lakini unaotoka ni Lukuga peke yake, unakwenda kuungana na mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Mwaka jana maji yalipanda kila mahali. Kwetu mwaloni yaliingia mpaka tulipokuwa tukipanga magunia, na huko Gatumba, jirani na Bujumbura, niliona nyumba ambazo watu wamezihama, maji yako dirishani. Kumbe sote tunategemea mlango mmoja. Nilikaa kwenye kingo za Lukuga asubuhi nzima bila kufanya lolote. Mpiga picha wa pale alidhani nimefiwa.

Zambia nilizunguka kwa mabasi, Mpanda, Sumbawanga, mpaka Kasesya, halafu Mbala na kushuka Mpulungu. Zamani ingekuwa kwa meli ya Liemba. Nilipanda ile meli mwaka 2012 nikiwa na marehemu mama, na bado nasikia honi yake usiku, mitumbwi ikiizunguka gizani, watu wanashusha watoto na kuku kwa mikono mahali pasipo na gati. Safari ya basi haikunipa chochote cha kulinganisha na usiku ule.

Mpulungu dagaa wanaitwa kapenta. Nilijitambulisha kwa wanawake wa sokoni kwamba na mimi ni wa kazi hii, wakanipa kisu na kiti. Sombe yetu, yaani kisamvu, wao wanaiita katapa. Tulielewana kwa Kiswahili cha biashara na Kibemba nilichookota njiani, na palipokwama tuliangalia samaki. Usiku wa kwanza wa mbalamwezi nikauliza kama kesho kutakuwa na mzigo, wakacheka. Mwezi ukiwaka, taa haimvuti dagaa, kwa hiyo waume zao wako nyumbani wanashona nyavu. Sawasawa na Kibirizi. Nilitoka nje nikauangalia mwezi ule nikamlilia mama yangu, maana ndizo zilikuwa siku alizopenda, baba yuko nyumbani.

Sasa adhana yetu imelia na tumeshafuturu. Mwezi umepanda, umejaa karibu wote, na kaka yangu ametandaza wavu uani. Nimemsomea shangazi haya niliyoandika. Nilipofika kwenye Mpulungu alininyamazisha kwa mkono.

"Kwa hiyo leo na wao hawajaingia ziwani?"

"Hawajaingia, shangazi."

Akanisogezea bakuli la sombe.