Siku yangu na vijiti vya pamba, vijijini Kongwa

Wengi wakisikia niko kwenye mradi wa kimataifa wa utafiti wa vijidudu, hunifikiria nimevaa koti jeupe kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mimi ni msaidizi wa utafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa vikope, na maabara yangu ni vumbi la Kongwa, mkoani Dodoma.

Saa kumi na moja alfajiri napanga boksi la barafu, glovu, vijiti, kishikwambi. Saa moja asubuhi tumeshamsalimia mwenyekiti wa kitongoji na tumeanza kaya ya kwanza.

Mama anampakata mtoto na kumshika kichwa. Mwenzangu mwenye miwani ya kukuzia anapindua kope ya juu na kuhesabu vipele. Vikiwa vitano au zaidi, kila kimoja kikifika nusu milimita, anaandika trakoma. Nasugua kijiti ndani ya kope, nakitia kichupani, nabandika namba, nabadilisha glovu. Nisipobadilisha, kijidudu cha huyu kitahamia kwa anayefuata, na sampuli itadanganya maabara.

Saa nne tukafika kwa babu mmoja anayelea wajukuu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Kaeni.” Akatupatia vigoda, kisha akagoma. “Walishapita wengine hapa, wakawapindua watoto macho, wakaondoka. Majibu yako wapi?”

Sikuwa na la kubisha, ana haki kabisa. Nikamweleza vijiti vinakwenda wapi, na kwamba mashine inatafuta vinasaba vya bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Nikamwambia watoto wa Kongwa hii hii ndio waliowezesha utafiti uliochapishwa mwaka 1995, ulioonyesha kwamba kunawa uso pamoja na dawa kunapunguza trakoma kali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha dumu lililokuwa mlangoni, maji yakiwa robo.

“Haya ni ya kunywa na kupikia mpaka kesho. Huo uso wanawe na yapi?”

Jua likapanda, barafu ikaanza kulainika, tukaendelea kuongea. Mwisho akakubali. Lakini babu hajui kusoma, na fomu ya ridhaa inataka shahidi asiye wa mradi kabla ya dole gumba. Mwenyekiti kaenda mnadani. Tukamsubiri. Huwezi kuruka hatua hiyo kwa sababu umechoka. Jicho ni la mjukuu wake.

Baada ya hapo mchana ulikwenda wenyewe. Kaya, kope, kijiti, glovu, kaya nyingine, ugali na mlenda tuliokaribishwa mahali, mgongo unauma. Giza lilikuwa limeingia tulipofikisha sampuli kwenye friza na kutuma takwimu.

Swali la babu nimeliandika kwenye ripoti kwa maneno yake mwenyewe. Jumatatu tuna kikao cha simu na wenzetu wa ng'ambo, na nitaomba lijadiliwe kabla ya idadi ya sampuli.