Gazeti kuwa la zamani haitoshi kulifanya mali

Mtu akikuta rundo la magazeti kwenye sanduku la marehemu babu yake, jicho linakimbilia mwaka, akiona 1890 tayari anapiga hesabu ya hela. Mimi naanza na kichwa cha habari. Gazeti la 1890 lenye bei za nafaka na matangazo ya sabuni wanunuzi wengi wanalipita tu, wakati la juzijuzi linagombaniwa, mfano Chicago Daily Tribune la tarehe 3 Novemba 1948 lililotangaza kwamba Dewey kamshinda Truman, kumbe Truman ndo kashinda urais wa Marekani na akapigwa picha kalinyanyua juu anacheka.

Ila tukio kubwa nalo lisikudanganye. Binadamu walipotua mwezini Julai 1969 watu kila kona waliyatunza magazeti ya siku ile makusudi, kwa hiyo yapo mengi mno mpaka leo na bei yake ni ya kawaida. Angalia pia limechapwa wapi, maana la kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani 1963 likiwa limetoka Dallas kwenyewe linatafutwa kuliko la mji mwingine, hata kama habari ni ileile.

Sasa tuje kwenye karatasi, hapa ndo napapenda. Mpaka kwenye katikati ya karne ya 19 magazeti yalichapwa kwenye karatasi ya matambara ya pamba na kitani, ndo maana unaweza kushika la 1780 likawa bado laini na jeupejeupe, alafu la 1925 linameguka mkononi kama jani kavu. La 1925 limetengenezwa kwa mbao, na mbao ina lignini, yaani kitu cha asili kinachoshikilia nyuzi za mti, inayogeuka njano ikipata mwanga na hewa, huku asidi iliyomo kwenye karatasi inakula nyuzi taratibu. Kwa hiyo umanjano kwenye gazeti la miaka ya 1920 usikushtue, ila la 1800 likiwa la kahawia na linakatikakatika hapo shtuka, huenda ni nakala iliyochapwa upya baadaye. Ulster County Gazette la tarehe 4 Januari 1800, lenye habari za kifo cha George Washington, limerudiwa kuchapwa mara nyingi sana, na New York Herald la tarehe 15 Aprili 1865 la kuuawa kwa Lincoln vilevile. Ukikutana na moja ya hayo anza na wazo kwamba ni nakala, mpaka karatasi na herufi zikuthibitishie vingine.

Baada ya hapo litandaze mezani taratibu, mikono iwe safi na mikavu, uhesabu kurasa zote kwa sababu ukurasa wa mbele peke yake sio gazeti zima na wanunuzi wanajua hilo. Tafuta palipokatwa na mkasi, mikunjo iliyoanza kupasuka, pembe zilizoliwa na wadudu. Vitundu vya uzi upande wa mgongo visikuvunje moyo, yaani magazeti yenye vitundu hivyo mara nyingi yalikuwa yameshonwa kwenye majalada ya maktaba zilizoyaondoa baada ya kuyahamishia kwenye mikrofilamu (picha ndogondogo kwenye filamu), na kwa vile yalikaa yamefungwa gizani mengi yana hali nzuri kabisa.

Tafadhali sana, usibandike selotepu! Gundi yake inaacha doa la kahawia lisilotoka kirahisi, na kulilaminisha ndo mbaya zaidi maana hutalitoa tena salama, thamani inaporomoka papo hapo. Lilaze bapa kwenye mfuko wa poliesta (plastiki angavu, sio kitambaa) na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, mbali na jua na unyevu.

Kuhusu bei, angalia yaliyokwisha kuuzwa minadani, usiangalie yanayoombwa tu maana kuomba kila mtu anaomba anachotaka, na linganisha tarehe ileile, mji uleule, hali ileile.