Siku niliyomketisha mama Nyerere Square

Mbukwenyi! Nimerudi nyumbani.

Wiki ya tatu hii niko Dodoma, baada ya miaka 11 Toronto, Kanada. Tangu nifike mnaniuliza nimekuta nini kipya, na nilidhani nitaanza na treni. Nilipoondoka, Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa kuamka alfajiri, kukaa kwenye basi, kuumwa kiuno na kushuka jioni jioni na vumbi masikioni. Safari hii nimepanda treni ya umeme, saa tatu na nusu hivi, nikashuka nikiwa nimenyooka. Nililia kidogo tulipovuka Gulwe na kuanza kuona mibuyu. Haya, hiyo ndiyo treni. Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kitu kingine: Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama kukaa Nyerere Square, ule uwanja wa kupumzikia katikati ya mji.

Mama ana miaka 68. Ameishi mjini hapa tangu alipoolewa na baba, na baba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli. Miaka yote hiyo mama amepita pembeni ya ule uwanja akienda soko la Majengo, akienda hospitali, akienda kanisani. Kuingia na kukaa, hata siku moja. Nilipomwambia twende akashangaa kweli: "Tukafanye nini huko?" Nikamjibu tunakwenda kukaa. "Kukaa tu? Mwanangu, watu wakituona watasema nini?"

Ili mnielewe ni kwa nini nilishikilia, lazima niwarudishe kidogo nilikotoka.

Toronto nilikuwa natunza wazee majumbani, sehemu inayoitwa Don Mills. Kazi nzuri, inahitaji moyo. Ila majira ya baridi yalinishinda. Mtoto wa Ugogo, aliyekulia kwenye jua na upepo, unamweka penye nyuzi 15 chini ya sifuri na jua linazama saa kumi na moja jioni. Mwaka wa kwanza siku zangu za mapumziko nilizimaliza chumbani, kwa sababu kila mahali penye joto palikuwa pa kununua kitu. Ukikaa mgahawani bila kuagiza, macho yote ni kwako.

Ndipo mwenzangu mmoja wa kazini akanipeleka Allan Gardens. Ni bustani ya zamani katikati ya mji. Mwaka 1858 George Allan, aliyewahi kuwa meya wa Toronto, alitoa ekari tano za ardhi yake ndipo ikaanzishwa. Ndani yake kuna nyumba kubwa ya vioo yenye kuba. Unaingia bure. Nje theluji, ndani joto na unyevu, na mbele yangu umesimama mgomba. Mgomba mzima, na majani yake yaliyochanika! Chumba kingine kina dungusi na mimea ya nchi kavu, na mmoja nilipouona nilisema kwa sauti, "Huu si mnyaa wa kwetu?" Nikavua koti, nikakaa. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Pembeni yangu alikuwepo mama na mtoto mchanga, mzee aliyesinzia, na kijana ambaye kwa kumtazama hakuwa na pa kulala. Wote tulikuwa sawa mle ndani.

Nilipoambiwa kwamba ile nyumba ya vioo ilijengwa mwaka 1910, nilimkumbuka baba. Huo ndio mwaka aliotukaririsha tukiwa wadogo kwenye kota za reli: reli ya Wajerumani ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Alitupanga mstari mbele ya nyumba, tuitaje kama vituo. Tukishamaliza, anatupa hadithi ya tembo aliyekwenda kunywa maji kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", amedidimia, mji ukapata jina. Kwa hiyo kila nikikaa mle ndani nilihesabu: vioo hivi na stesheni ya kwetu ni marika.

Kuna jambo la pili, na hili lilinigusa zaidi. Nikiwa hukohuko ndipo nilipojua kwamba mpango wa kwanza wa makao makuu yetu ulichorwa Toronto. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ikaundwa CDA, mamlaka ya kuustawisha mji huo mkuu, na mwaka 1976 kampuni ya Toronto ya Project Planning Associates ikatoa ramani ya mji. Aliyeiongoza kampuni hiyo ni Macklin Hancock, mtu yuleyule aliyepanga Don Mills, kitongoji nilichokuwa nawaogeshea wazee. Nilisoma kuhusu ule mpango kwenye kompyuta ya maktaba. Walitaka mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi, vitongoji vyenye shule na duka karibu, na kijani kati ya kitongoji na kitongoji. Mji unaofanana na fikra za Mwalimu, usiomtukuza mwenye gari. Mengi hayakutokea kama yalivyochorwa, fedha haikuwepo. Ila tangu siku ile nilijua nikirudi nitakwenda kukaa wapi kwanza.

Basi Jumamosi saa tisa na nusu tukatoka. Nilimwomba mama tushukie stesheni ya zamani ili tutembee, na akakubali, polepole na mkongojo wake. Tukapita mbele ya Dodoma Hotel, ambayo baba aliiita Hoteli ya Reli mpaka anaingia kaburini. Tukasimama pale kanisa la Anglikana na lile kuba lake, ambalo mgeni akiliona kwa mbali huweza kudhani ni msikiti, na kanisa kuu la Walutheri jirani yake, na msikiti wa Waismailia ambao ndio umelipa eneo lile jina la Jamatini. Umbali wa kurusha jiwe tu kati yao. Mbele zaidi upo Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010. Mimi nimekaa kwenye mji wenye mataifa yote ya dunia na bado sijaona majirani wa imani wanaobanana hivi bila kelele.

Uwanjani kulikuwa kumechangamka. Wanafunzi wa chuo na simu zao. Watu wa maofisini, maana tangu Serikali ilipotangaza kuhamia 2016 na Dodoma kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, sura mpya ni nyingi. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, dada wa karanga na mayai ya kuchemsha, watoto wanakimbizana kwenye nyasi, wapiga picha wamejipanga kuelekea sanamu ya Mwalimu. Upepo ule wa kwetu unapiga, unapeperusha khanga na karatasi.

Mama alichagua benchi lenye kivuli cha mwarobaini. Alilifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akaketi ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikanunua zabibu fungu la elfu moja, zile nyeusi zenye mbegu. Akawa anazila moja moja, mbegu anazitemea kiganjani. Pipa la taka lilikuwa mbali, kwa hiyo akazifunga kwenye pindo la khanga, fundo dogo. Ilimchukua kama nusu saa kuegemea. Nilimwona mabega yakishuka. Akavua kiatu kimoja.

Ndipo akaanza kuitazama sanamu, akaitazama muda mrefu.

"Nilipomwona mimi," akasema, "alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko."

Nimekuwa mtoto wake miaka 41 na sikuwahi kuisikia habari hii. Mama alizaliwa upande wa Chamwino. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, Mwalimu alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Hilo nimelisoma. Sikujua kwamba miongoni mwa wasichana waliokuwa wakibeba maji ya kukandia udongo alikuwemo mama yangu, na miaka yake 14, na ndoo kichwani. Alinieleza jinsi matofali yalivyopangwa kwenye nyasi ili yakauke, na jinsi walivyoambizana usiku kwamba Rais naye mgongo unamuuma kama watu wengine.

Hakunificha na upande wa pili. Bibi yake alilazimika kuacha tembe lake, lile paa la udongo alilolikandika mwenyewe, na ng'ombe waliobaki wakawa mbali na malisho waliyoyazoea. "Bibi alililia lile tembe mpaka amekufa. Na mimi nilifurahi kwa sababu kijijini kulikuwa na shule. Yote mawili ni kweli." Alisema hivyo, akatia zabibu mdomoni.

Nilitaka kumrekodi nikaona aibu. Nikakaa kimya nisikilize.

Nataka kusema jambo hapa kwa ndugu zangu wa Dodoma. Habari hii mama alikuwa nayo miaka yote, nyumbani, jikoni, kanisani, na haikutoka. Imetoka alipokaa penye kivuli, mbele ya ile sanamu, asiye na kazi mkononi. Sensa ya 2012 ilituhesabu mjini watu 410,956. Ile ya 2022 ikatukuta 765,179. Tumejenga barabara, tumejenga Mtumba, mji wa ofisi za Serikali, nami nimeviona na ninajivunia. Ninachoomba ni viwanja vya namna hii hata Nkuhungu, Nzuguni, Ipagala, si katikati ya mji tu. Benchi na miti mikubwa, miti zaidi kuliko maua, kwa sababu mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na miezi inayobaki jua halina huruma na mzee. Mwarobaini mmoja unakaliwa na watu kumi. Mtu akae bila kuulizwa ananunua nini. Watoto wa dada yangu wanapenda sana bustani ya Chinangali na mimi nimefurahi nao kule, lakini mzee wa Nkuhungu mwenye mkongojo hafiki Chinangali, wala Nyerere Square hafiki bila mtu wa kumshika mkono.

Jua lilipoanza kulegea, kijana mmoja mpiga picha akatusogelea. "Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Marahaba, baba." Nilikuwa najiandaa kumwambia hatuhitaji, mama akanitangulia: "Unatoa picha hapahapa?" Akasema ndiyo, dakika tano. Mama akavaa kiatu, akajifunga khanga upya, akaenda kusimama mbele ya Mwalimu. Alikataa nimshike mkono. Alikataa na mkongojo, akanipa niushike. Kijana akamwambia atabasamu, mama akasema, "Piga hivihivi, mwanangu, hatukuwa tunatabasamu siku ile."

Picha ilipotoka akaipuliza kana kwamba ina moto. Akaitazama, akamwambia yule kijana atoe nyingine. Nikadhani ni ya kwangu.

Si ya kwangu. Kuna mwenzake waliyekuwa wakibeba naye maji, bado yuko hai, bado anaishi Chamwino, na hawajaonana tangu msiba wa baba. Tunakwenda Jumatano. Mama ameiweka ile picha ya pili ndani ya Biblia, isije ikakunjika.