Mshale wa kwanza

Bado niko kwenye ile "itoe" ya kaka, aliyoniambia Jumapili kuhusu alama ya mwanzo ya programu yangu. Wiki hii imejaa mambo, dada kajifungua salama na wote wawili wazima, ofisini tumeletewa bosi mpya, na mi usiku huu sipati usingizi kwa ajili ya alama moja tu, hii hapa: >

Mliosoma posti iliyopita mnaijua ile chemshabongo. Andika programu inayopokea neno na kulitoa kinyumenyume, alama ziwe chache kadri unavyoweza, na lugha ya kuprogramu ni Brainfuck. Jina baya, najua, ila ndilo alilolipa mwenyewe Urban Müller mwaka 1993, alipokuwa anatafuta lugha ambayo kompaila yake, yaani programu ya kuigeuza iwe lugha ya mashine, itakuwa ndogo kuliko zote kwenye kompyuta ya Amiga, na akapata kompaila ya baiti 240. Lugha nzima ina alama nane, basi. Unapewa tepu, yaani mstari wa visanduku 30,000, vyote vina sifuri, na pointa, yaani alama ya pale ulipo, imesimama kwenye cha kwanza. Kuna mshale wa kusogea kulia na wa kusogea kushoto, alama ya kuongeza moja na ya kupunguza moja, nukta ya kuchapisha, mkato wa kupokea herufi, na mabano mawili ya lupu, yaani kurudia yaliyo ndani yake mpaka ukute sifuri. Hakuna "kama", hakuna majina ya vitu, hakuna cha kukwambia neno lina urefu gani. Kitu pekee ambacho lugha hii inaweza kuuliza ni kama kisanduku ulichosimama kina sifuri au hakina.

Mi nilifika hapa:

>,[>,]<[.<]

Alama kumi na moja. Nilipoiona imekubali nilisimama kabisa kwenye kiti, yaani furaha yake sijui niieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na kitu kidogo hivi hadi kikamfungukia.

Sasa Jumapili tumejaa wote kwa mama kumwona mtoto, laptopu yangu iko wazi mezani, kaka akapita nyuma yangu na kikombe mkononi. Akasimama. Akaangalia.

"Hiyo ya mwanzo haina kazi. Itoe."

Nikamwambia, "Ina kazi kaka."

"Haya."

Akaenda zake kumchukua mtoto mikononi mwa mama. Imeisha hapo, hakuna zaidi. Mnamjua kaka, ndiye aliyenifundisha kuprogramu tangu sijafika kidato cha kwanza na hajawahi kuniambia nimefanya vizuri, hata ile siku nilipopata kazi alisema "sawa, amka mapema". Kwa hiyo hiyo haya yake nimeibeba Jumatatu, nimeibeba Jumanne, nimekaa kwenye kikao cha kumkaribisha bosi mpya kichwani namjibu kaka.

Ningemjibu hivi. Kaka, chukua neno KAKA. Herufi zinaingia kama namba, 75, 65, 75, 65, kila moja kwenye kisanduku chake, lupu ya kwanza inasogea kulia na kupokea mpaka herufi ziishe, na zikiisha kisanduku kinachofuata kinabaki na sifuri, ndiyo lupu inajua isimame. Vizuri. Sasa tunarudi kushoto tukichapisha, A, K, A, K. Tutajuaje tumefika mwanzo wa neno? Lugha haijui mwanzo, inajua sifuri tu. Upande wa kulia sifuri imeletwa na mwisho wa neno, ila upande wa kushoto hakuna wa kukuletea, lazima uiache mwenyewe kabla hujaanza. Ule mshale unaruka kisanduku kimoja na kukiacha kitupu. Ni kazi hiyo tu na ni kazi kubwa. Ukiutoa, pointa inachapisha herufi ya mwisho halafu inaendelea kushoto nje ya tepu, mahali ambapo hakuna kisanduku.

Nimeyasema haya bafuni, nimeyasema kwenye daladala... na kila nikifika mwisho namsikia tena, "Haya."

Alhamisi usiku nikasema ngoja niutoe nione unavyoanguka, angalau nipate ushahidi. Nikabaki na alama kumi, nikaipa interpreta (programu inayosoma msimbo na kuuendesha) ninayotumia kila siku, ikagoma na kusema pointa imetoka nje, kama nilivyotegemea. Nikaridhika. Ila kuna interpreta nyingine ilikuwa kwenye folda ya zamani kabisa, aliiandika kaka mwenyewe akiwa chuo, ndiyo niliyojifunzia mimi. Nikaipa hiyohiyo.

AKAK.

Nikarudia. AKAK. Nikafungua msimbo wake nikasoma, na pale kwenye mstari wa kusogea kushoto nikaona alichofanya: ukiwa kisanduku cha kwanza na ukasogea kushoto, unatokea kile cha mwisho kabisa, cha 30,000. Tepu yake ni duara. Na kile cha mwisho kina sifuri, hakuna aliyekigusa, kwa hiyo lupu inasimama palepale inapotakiwa. Kwenye mashine ya kaka, mshale wangu kweli hauna kazi.

Hapo nikakaa kimya muda mrefu. Maana fikiria, ili uweze kusema alama ile itoke, lazima uwe umeifuata programu nzima kichwani, umepokea neno, umelirudisha, umefika kushoto kabisa, umevuka ukingo na umeona kuna nini ng'ambo. Alifanya hivyo amesimama, kikombe mkononi, watu wanapiga kelele za mtoto. Wiki nzima nilikuwa naamini hakusoma. Alisoma! Alisoma kuliko mtu yeyote aliyewahi kusoma kitu nilichoandika, na aliisomea kwenye mashine aliyoijenga mwenyewe miaka ile na bado anaikumbuka mpaka ukingo wake.

Mshale wangu siutoi lakini. Kuna interpreta za duara, kuna zinazogoma, na kuna zile za hovyo ambazo ukitoka nje kushoto zinakusomea chochote kilichopo kwenye memori ya kompyuta, na ule mshale mmoja unakulinda kwenye zote tatu. Kwangu hiyo ina thamani kuliko kupunguza alama moja. Ni kama pale herufi za kupokea zinapokwisha, ambako nako interpreta hazikubaliani: zingine zinakuwekea sifuri, zingine zinaacha kisanduku kilivyo, zingine zinaweka 255 na hapo lupu yangu haipati sifuri ya kuisimamisha. Hilo la 255 kaka hakuligusa, na nataka sana kumwuliza kama aliliona. Nadhani aliliona.

Jana nikamtumia meseji. Sikuandika zile hotuba zangu za bafuni, nimemwandikia tu: "Kaka, kwenye tepu ya duara uko sahihi, kumi zinatosha. Kwenye tepu yenye ukingo nahitaji kumi na moja. Wewe ungechagua ipi?" Imesomwa. Hajajibu bado, yupo safarini mpaka Jumatatu, na ajabu ni kwamba sina tena ule moto, nasubiri kwa hamu kabisa, nataka kumsikia akibisha.

Kuna kingine ambacho hakinikai vizuri. Mama analalamika ganzi kwenye mkono wa kushoto. Anasema ni kwa sababu ya kumbeba mtoto kutwa, na dada kakubali hivyohivyo, ila mi nakumbuka aliitaja hiyo ganzi kabla dada hajajifungua, tukiwa wawili jikoni, na akaniomba nisimwambie mtu. Kesho nampeleka hospitali, atake asitake.